Mwalimu wa Mawe

Nyumbani, 3 Machi

Kanda inaletwa kwako, Chembe. Ile kanda ya kamera za getini, ile waliyoivuta walinzi wa kiwanda wakaiunguza wakadhani imekwisha, jaji ameagiza isomwe, na karakana iliyopewa kazi ni yenu. Wakili wa kaka yako kaniambia leo asubuhi kwa kinywa chake. Nikakaa palepale kwenye ngazi za mahakama, watu wakadhani nimeanguka.

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Mimi mzima, miguu tu inajaa nikishona sana. Cherehani bado inalia ile sauti yake, nimeizoea kama nilivyomzoea marehemu baba yako kukoroma.

Leo Bonge anatimiza siku arobaini na mbili rumande. Wewe hukuwepo siku ile, kwa hiyo nivumilie nikueleze tena, maana kila nikieleza napata nafuu. Yeye na wenzake walisimama getini pa kiwanda cha nondo wakidai viatu. Viatu tu, mwanangu. Mwenzao alimwagikiwa chuma cha moto miguuni wakamtoa akiwa amevaa ndala, na ndala zimeshikana na nyama. Kobe, mkuu wa walinzi, yule asiye na shingo, akatoka na watu wake na mabomba ya chuma. Wakawapiga watu magotini, wakawapiga mbavuni, wafanyakazi nao wakarusha mawe. Vumbi lilipotulia mzee wa mizani, yule anayepima malori, alikuwa amelala kichwa kimepasuka. Mzee wa watu hakuwa hata kwenye mgomo, alikuwa anatoka zake. Kobe akaapa kuwa aliyempasua ni Bonge. Bonge wangu, ambaye kuku akichinjwa alikuwa anajificha chini ya kitanda. Hakuinua mkono, na nimemwapia hivyo mke wa mzee huyo marehemu, mlango wa tatu kutoka kwangu, nikiwa nimepiga magoti. Na wakimtia hatiani ni kitanzi, unajua.

Sasa basi nawaambia watu waache kunionea huruma. Kwenye foleni ya maji nimesema wazi: binti yangu ndiye atakayeisoma hiyo kanda. Wakauliza atasomaje kitu kilichoungua. Nikawaambia vile ulivyonieleza jikoni ukiwa umeshika kiberiti cha gesi, kwamba mle ndani mna kijiwe, ukikigonga kinatoa cheche, na wewe unafanya kinyume chake, unakipa umeme nacho kinasukuma. Nikasema huyu anafundisha mawe kazi na mawe yanamtii. Mwalimu wa mawe, ndivyo nilivyokuita. Walicheka, lakini kwa adabu. Hata mlinzi mdogo wa Kobe alikuwepo na ndoo yake, akabaki kinywa wazi.

Simu usinipigie. Kuta za hapa ni bati, nikisema alo jirani wa tano anaitikia. Andika.

Mama yako


Karakana, 9 Machi

Mama,

Shikamoo. Kanda tumeipokea Alhamisi, imefungwa kwenye boksi lenye muhuri wa mahakama. Kabla ya yote nakuomba kitu kimoja: usimwambie mtu mwingine yeyote. Wala kwenye foleni ya maji, wala kanisani, wala kwa msusi. Walioiunguza kanda wako huko huko unakochotea maji.

Nimemwambia bosi kuwa mshtakiwa ni kaka yangu. Aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akaandika kwa jaji, na jaji akajibu kwamba nitatengeneza kishikio cha kichwa cha kusomea tu, kanda nisiiguse. Watakaosoma ni wenzangu wawili, karani wa mahakama akiwa amesimama nyuma yao. Lakini kishikio lazima nikitengeneze mimi kwa sababu hapa hakuna mwingine anayezijua fuwele hizi, vile vijiwe vya kwenye kiberiti.

Uliuliza mara ile nikasema nitakueleza vizuri, basi soma taratibu. Kanda ni utepe mwembamba kuliko nailoni ya mkate. Picha zimeandikwa humo kwa sumaku, katika mistari maelfu iliyolala sambamba, na unywele wako mmoja ungefunika mistari mingi kwa pamoja. Kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachoisoma, na lazima kikae juu ya mstari wake huku kanda inapita mbio. Walipoiweka kwenye mlango wa tanuri, kingo zilijikunja kama pindo lililopigwa pasi ya moto mno. Sasa ikipita inayumba, kichwa kinapotea njia, na kwenye skrini tunaona mvua tupu.

Mota ya kawaida haiwezi kukirudisha kichwa, ni nzito na imechelewa kabla haijaanza. Ndiyo maana natumia vipande viwili vya fuwele, kimoja kila upande wa kichwa. Nikikipa kimoja umeme kinavimba kidogo mno, hakuna jicho linaloweza kuona, kinakisukuma kichwa, na mwenzake ananywea kumpisha. Maelfu ya mara kwa kila sekunde. Ni kama vidole vyako vinavyokiongoza kitambaa chini ya sindano: kikitaka kwenda upande unakirudisha kabla mshono haujapinda, na ukiulizwa umefanyaje huwezi kusema.

Unaona, kazi hii niliianza kujifunza kwako.

Lakini funga mdomo, mama. Nakuomba.

Chembe


Nyumbani, 14 Machi

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili kimoyomoyo, halafu mara moja kwa sauti nikiwa peke yangu ili nisikie inavyokaa mdomoni. Hapo penye vidole na mshono nimepakunja pembe.

Mdomo nimeufunga. Nimemwambia mke wa mzee wa mizani peke yake, na yeye si mtu wa kuhesabu, ni mfiwa, ana haki ya kujua kwamba muuaji ataonekana. Nilimkuta anakunja nguo za mume wake anazirudisha kabatini kana kwamba kesho zitavaliwa. Nilimshika mikono nikamwambia, jirani, siku watakapoonyesha kanda utaona kwa macho yako kwamba mwanangu hakumgusa. Akasema amina. Tukalia kidogo, tukanywa chai.

Msusi kama alisikia, alisikia kwa mke wa fundi viatu, si kwangu.

Juzi wamepiga mawe juu ya bati langu. Watoto hao, hawana kazi. Na kidole changu cha mkono wa kushoto nimejichoma na sindano ya cherehani, uzembe wangu, nilikuwa nakuwaza. Nimekifunga kitambaa na kazi inaendelea, ingawa pindo zinanichukua muda.

Sasa mimi nakuuliza na wewe nijibu. Karakana yenu ina mlango wa nyuma? Ukitoka kazini unatoka na wenzako au peke yako? Toka nao. Kama kuna mlango wa nyuma tumia huo. Usiniulize kwa nini, mama akisema jambo halihitaji maelezo. Na ile nyumba unayopanga, kama unaweza kuhama kwa wiki kadhaa ukalala kwa rafiki, ingekuwa vizuri, nasikia hewa ya mtaa wako si nzuri msimu huu.

Kula. Barua zako zinanuka mtu asiyekula.

Mama yako


Rumande, 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, askari mzuri ndiye yuko zamu.

Nasikia unawaambia watu waje mahakamani siku ya kanda. Usiwaambie. Njoo peke yako au usije kabisa. Na umwandikie Chembe aiache hiyo kanda. Imeungua, basi ibaki imeungua. Wakili anasema bila kanda wana neno la Kobe dhidi ya neno langu tu, na neno la Kobe lina mashimo. Tunaweza kupona hivyohivyo.

Watu wa Kobe wapo na humu. Jumatano walinikandamiza chooni wakanipiga kwa kufuli lililotiwa ndani ya soksi. Meno mawili ya mbele hayapo. Wanataka niseme nimeua. Sijasema na sitasema, maana sikuua. Lakini kanda iache, mama. Nisikilize mara hii moja.

Msalimie mke wa mzee. Hapana, usimsalimie.

Bonge


Nyumbani, 20 Machi

Chembe,

Nakuwekea barua ya kaka yako ndani ya bahasha hii uisome mwenyewe. Nimelia kwa ajili ya meno yake, nimemaliza, sasa nimekasirika. Mwanaume mzima anaona aibu watu wakimwona kibogoyo. Tangu mdogo ndivyo alivyo, ukimsifia mbele ya wageni anajificha nyuma ya pazia, miguu yote iko nje. Eti kanda iachwe. Nani anaacha kitu kitakachomtoa kwenye kitanzi? Kichwa chake wamekigonga sana, hajui anachosema.

Nimemjibu kwamba watu watakuja na wataketi na watamwona akitoka kwa mlango mkubwa. Mtaa mzima unakuja. Hata yule mzee wa genge la mboga aliyesema Bonge ana macho ya muuaji, huyo nitamweka mbele kabisa.

Wewe endelea na mawe yako. Usisikilize habari za wanaume waliovunjwa meno.

Kidole kimevimba lakini si kitu.

Mama yako


Karakana, 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya siku kumi. Kazi.

Nimekata nywele, zote. Joto limezidi humu ndani na nywele zinaingia kwenye gundi ya fuwele. Nakuambia mapema usije ukashtuka.

Kishikio karibu kinakamilika lakini kilinisumbua. Fuwele ikisukumwa kwa nguvu mno inaanza kutetemeka yenyewe, kama glasi inavyolia ukiigonga kijiko, na hapo kichwa kinayumba zaidi kuliko ile kanda iliyoungua. Kila nilipoongeza umeme ili ishike, iliruka. Kipande kimoja kilipasuka. Nilichofanya mwishowe ni kuifundisha isukume kidogo, iache, isikilize, isukume tena kidogo. Bosi anasema sijawahi kuwa mpole hivi na kitu chochote.

Barua ya kaka nimeipata. Nimeisoma mara nne.

Nina swali moja tu na nataka jibu la kweli, hata kama linauma. Yale maneno, mwalimu wa mawe, uliwaambia watu wangapi? Na kidole chako, mama. Umeshona miaka thelathini na moja. Sijawahi kukuona ukijichoma.

Chembe


Nyumbani, 3 Aprili

Mwanangu,

Nilianza barua hii kwa kukusema kuhusu nywele, nywele nilizozisuka mimi tangu zilipokuwa manyoya ya kifaranga. Nimeichana. Umeuliza kweli, nakupa kweli.

Ilikuwa tarehe kumi na moja, saa sita mchana, jua kali, mlango wangu uko wazi kama kawaida. Wakaingia wawili. Mmoja ni yule mlinzi mdogo wa kwenye foleni, mwingine sikumjua, alikuwa anakula karanga. Mlango wakaufunga, cherehani wakaiangalia, wakaniuliza mwalimu wa mawe anakaa wapi. Walilisema hivyohivyo nilivyolisema mimi, mwanangu, na kicheko kilekile cha foleni. Nikasema simjui mtu huyo. Yule wa karanga akanikalia mapajani, mzito kama gunia la saruji, akakishika kidole changu akakiweka chini ya sindano, na mwenzake akaanza kuzungusha gurudumu kwa mkono. Polepole. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Sindano ya kwanza ilipita ukucha. Nilisema sijui. Ya pili iligonga mfupa ikapinda, akaibadilisha, kwenye kopo langu mwenyewe, akachagua nene ya kushonea turubai. Nilisema sijui. Ya tatu nikasema. Niliwapa jina la mtaa, nikawapa rangi ya geti la karakana, na nikawaambia huwa unatoka saa kumi na moja. Wangeniuliza chakula unachopenda ningewaambia. Walipotoka yule wa karanga aliacha maganda juu ya gauni la mteja.

Majirani walisikia. Kuta ni bati. Hakuna aliyekuja.

Halafu nikakuandikia habari ya mlango wa nyuma na hewa ya mtaa, kama mwizi anayerudisha kitu dirishani. Sikuweza kuandika kwamba mdomo wangu uliokusifia ndio uliokuuza. Kila siku nimengoja barua yako, na ilipofika nikaona umekata nywele nikamshukuru Mungu kwamba ni nywele tu.

Ni nywele tu, Chembe? Nijibu.

Mama yako


Karakana, 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Si nywele tu.

Tarehe ishirini na mbili nilitoka saa kumi na moja, kwa mlango wa mbele, kwa sababu mlango wa nyuma hatuna. Walikuwa wawili wamekaa kwenye ukuta kama watu wanaosubiri rafiki. Mmoja akauliza, "Wewe ndiye mwalimu wa mawe?" Nilicheka, mama. Nilijua hilo ni neno lako, nikadhani umetuma mtu na mzigo, hata nikanyoosha mkono kuupokea. Akaokota jiwe la kuzuia geti akasema, "Basi lifundishe na hili." Akanipiga nalo juu ya sikio. Nilipoanguka akanipiga tena, na mwenzake akanikanyaga mgongo kwa viatu vya chuma, vile vile walivyokataa kuwapa kina kaka. Bosi alitoka na mtungi wa kuzimia moto akawapulizia usoni, huyu mama mpole unayemjua kwenye picha, akamfuata mmoja akampiga na mtungi wenyewe mpaka mkono ukavunjika, mkono wa yule jamaa. Amekamatwa. Ana mfuko wa karanga.

Nimeshonwa nyuzi kumi na moja. Ndiyo sababu ya nywele. Sikio la kushoto linavuma bado kama mashine iliyosahauliwa ikiwaka. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungejilaumu, na ungekuwa sahihi, na nisingependa hilo.

Lakini nisikilize. Ulikataa mara mbili. Mimi wangenionyesha tu sindano ningewapa mpaka namba ya viatu vya bosi. Hilo tumelimaliza. Sasa kuna kubwa zaidi, kaa chini kwanza.

Kanda imesomeka. Nakala wamepewa mawakili wote wawili na jaji ameagiza ionyeshwe wazi, kwa hiyo si siri tena, na wakili wa kaka amesema ni bora uisikie kwangu. Niliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo kuangalia joto la fuwele. Niliona.

Ni saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Haina sauti. Mzee wa mizani anatoka kwa mlango mdogo ameinua mikono, mkoba wake uko begani. Kaka ana ubao mkononi. Anampiga mzee begani. Mzee anageuka, kaka anampiga tena mgongoni, kwa nguvu zake zote, mama, nilimjua kwa jinsi anavyotanguliza mguu wa kushoto. Mzee anapiga magoti. Kisha kaka anasimama tu. Anautupa ubao, anainama, anamshika mzee makwapani kama mtu anayemwinua mtoto aliyejikwaa, na karibu amwinue kabisa. Hapo mlinzi mmoja anampiga kaka na bomba kisogoni, wanamburuta kwa miguu nje ya picha.

Halafu Kobe anakuja anatembea. Hakimbii. Mzee bado yuko magotini, amemwinulia mkono, nadhani alidhani anakuja kumsaidia. Kobe anampiga kichwani kwa bomba mara tano. Nilihesabu kwa sababu kichwa cha kusomea hakikutetemeka hata mara moja, kila pigo lilionekana mpaka mwisho wake. Kisha anaokota ubao wa kaka, anaupaka kwenye damu, anaulaza vizuri kando ya mzee.

Basi, kaka hakuua. Kitanzi hakipo. Lakini alimpiga, mara mbili, mtu mzima asiye na kitu mkononi, na atafungwa kwa hilo, miaka kadhaa. Ndiyo maana alitaka kanda iachwe. Hakuwa anaona aibu ya meno.

Na mimi nilijua, mama. Nilijua tangu nilipoisoma ile barua yake, pale alipoandika umsalimie mke wa mzee kisha akajikatalia. Kwenye kishikio kuna skrubu moja ndogo. Robo mzunguko, na fuwele zingeanza kulia, kichwa kingeyumba, mvua ingerudi kwenye skrini, na hakuna mtu ambaye angeweza kunilaumu, kanda iliungua. Nilikaa na bisibisi mkononi mpaka chai yangu ikapoa kama ya bosi. Kisha nikaikaza.

Kama umenikasirikia niambie. Ila usinyamaze.

Chembe


Nyumbani, 14 Aprili

Alimpiga.

Nimeliandika hapo juu kabla ya salamu ili nilizoee. Marahaba mwanangu. Kichwa chako kinaendeleaje?

Nilipoisoma barua yako nilichukua makasi nikakata gauni la mteja vipande vipande, gauni zima, na hakunikosea kitu maskini. Halafu nikaketi. Kukukasirikia sikuweza, ingawa nilijaribu, nakwambia ukweli. Saa nzima nilitamani ungeizungusha ile skrubu. Kisha nikafikiria yule Kobe anayetembea bila kukimbia, na yule mzee aliyenyoosha mkono, na nikaona kwamba ungeizungusha ungekuwa umemficha Kobe kwa ajili yangu.

Jumamosi nilikwenda rumande. Nilimwambia Bonge nimejua. Akaweka paji la uso kwenye nyavu. Nikamuuliza kwa nini, mzee wa watu, aliyekuwa anakupa peremende ulipokuwa unanipelekea chakula cha baba yako getini. Akasema, "Nilikuwa na hasira, mama, na yeye ndiye aliyekuwa karibu." Hakuna zaidi. Hata visingizio alikuwa hana. Nilimpiga kofi kupitia kwenye tundu la kupitishia sahani, nikamfikia shavu kidogo tu, askari akageuka akaangalia ukuta. Kisha nikamlisha wali kwa kijiko kwa sababu hawezi kutafuna.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja mlango wa tatu. Sikupitia nyumbani, nilijua nikikaa sitainuka. Nilimkuta anapiga pasi. Nikamwambia nimekuja kuondoa kiapo changu. Nikamwambia yote, bega na mgongo na magoti, na kuinuliwa nikamwambia, na Kobe na mapigo matano nikamwambia, nikaacha kwake barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma amesimama. Pasi ikaunguza shati la mume wake, mimi naona moshi, sithubutu kusema.

Alipomaliza akanipiga kofi. Ana mkono yule mama, hukuwahi kuujua. Nikabaki nimesimama. Akapiga la pili, pete ikanichana mdomo. Nikangoja la tatu halikuja. Nikamwambia kwa damu mdomoni, ni mawili, jirani, kama yale ya mwanangu.

Akasema, "Hatujalipana. Usije ukafikiri tumelipana." Akachomoa pasi ukutani. Akaliangalia lile shati. Kisha akasema, "Lakini nitakaa mbele. Nataka Kobe anione nikimwona."

Nikamwambia nitamwekea kiti. Akasema atakuja na chake.

Sasa sikiliza. Kwenye foleni ya maji leo nimesema tena, na usinikemee, hakuna wa kumficha sasa, yule wa karanga yuko ndani na mlinzi mdogo amekamatwa jana kwa dada yake, chini ya kitanda. Kobe yuko kizuizini tangu Ijumaa. Nimewaambia hivi: mtakuja, na mtamwona mwanangu akimpiga mzee asiye na kosa, na mtanitazama, na mimi nitakuwa nimekaa palepale sijafunika uso. Na mtaona nani aliua. Yule mzee wa genge akasema, si nilisema ana macho. Nikamwambia ulikosea muuaji, lakini kuhusu macho hukukosea sana, njoo. Akanisaidia kubeba ndoo.

Na nikaongeza jambo moja. Nimewaambia aliyekishika kile kichwa kisitetemeke, huku kaka yake ndiye anayeonekana, ni binti yangu. Hapo nilijisifu, ndiyo. Nimepoteza ukucha mmoja, nimepasuka mdomo, mtoto mmoja anakwenda jela na mwingine ana nyuzi kumi na moja kichwani. Niachie hilo moja.

Njoo na bosi wako, nataka kumwona mtu anayevunja mkono kwa mtungi. Vaa kitambaa kichwani kama hutaki waone nyuzi, au usivae, waone. Kila mlango wa mtaa huu nimeupigia hodi, pamoja na wale waliosikia kupitia bati wakanyamaza, hao nimewapigia kwa nguvu zaidi. Kanda itaonyeshwa Jumanne, tarehe ishirini na mbili Aprili, saa tatu asubuhi, ukumbi wa pili. Mje wote.

Mama yako